Wema Usimuliwavyo

Kutenda wema ni kazi ya kila siku. Kusimulia wema ni kazi ya wachache. Ubaya hujitangaza wenyewe. Duka likivunjwa usiku, asubuhi watu mia hukusanyika mlangoni, kila mmoja ana habari yake, na hata mtoto mdogo aweza kukieleza kisa hicho pasipo kumchosha msikilizaji. Lakini mtu akimwokotea mwenzake mzigo ulioanguka, akamrudishia na kushika njia yake, pana nini cha kusimulia? Tendo limekwisha kabla msimulizi hajavuta pumzi. Kwa sababu hiyo waandishi wengi, wakubwa kwa wadogo, huona haya kuuacha wema jinsi ulivyo. Huuvisha mapambo: zawadi, muujiza, machozi na shangwe. Katika insha hii nataka kuyapima baadhi ya mapambo hayo, nione yapi hupendeza na yapi huharibu.

Tuanze mahali padogo ili tusipotee. Kyumbi ni njia panda katika nchi ya Machakos, huko Kenya. Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara ya Mombasa hupita Athi River, huviona vilima vya Lukenya, kisha hufika mahali ambapo njia iendayo mji wa Machakos huachana na barabara kuu. Malori yenye shehena kutoka bandarini hupita hapo mchana na usiku, mengine yakienda Nairobi, mengine Uganda na nchi za mbele zaidi. Matatu hushusha na kupakia. Waendesha bodaboda hungoja kivulini, na wauzaji wa matunda na mahindi ya kuchoma hukimbilia kila dirisha lifunguliwalo. Katika mahali kama hapo wema una sura nyingi, na zote ni ndogo. Mama hushuka na mtoto mgongoni na mafurushi mawili mkononi. Kijana asiyemjua huyapokea mafurushi na kumvusha barabara. Abiria aliyepungukiwa na shilingi 20 za nauli hulipiwa na jirani wa kiti, wala hawataonana tena. Muuza mahindi huachiwa sanduku na mtu aendaye msalani, akalilinda kama mali yake. Mgeni huuliza njia, akaelekezwa, na mwelekezaji akimwona anasitasita humsindikiza hatua mia.

Hayo si mambo ya Kyumbi peke yake. Nimepataja Kyumbi kwa kuwa njia panda ni mizani nzuri. Kijijini mtu humtendea jirani wema huku akijua kuwa kesho watakutana kisimani, na keshokutwa mazishini. Penye njia panda hapana kesho. Amtendeaje mema mtu ambaye gari lake limekwisha washwa? Nani atamwona? Nani atamlipa? Hapo ndipo twaweza kujua kama hadithi zetu za wema zatuambia kweli.

Methali zetu, ambazo ni wahakiki wetu wa kwanza, hazikubaliani juu ya jambo hili. Tenda wema nenda zako, yasema moja, nayo yaonekana kana kwamba ilitungwa penye kituo cha mabasi. Wema hauozi, yasema nyingine. Kwa mara ya kwanza yasikika kuwa ni sifa, lakini ukiigeuza utaona imeficha daftari la hesabu ndani yake, kwani kitu kisichooza ni akiba, na mwenye akiba hungoja siku ya kuichukua. Asante ya punda ni mateke, yanung'unika ya tatu, kwa sauti ya mtu aliyengoja malipo hata akachoka. Mimi naipenda zaidi ile isemayo kuwa mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hudhani ni methali ya uchoyo. Sivyo nionavyo mimi. Methali hii yamjua mwenyeji kuwa ana ghala dogo, na yamjua mgeni kuwa ana mikono miwili. Haimfukuzi mgeni, yamweka shambani pamoja na wenye nyumba, na tangu siku ile si mgeni tena. Hiyo ni fikira ya mtu aliyewahi kukaribisha watu kweli, wala si ya mtu anayehubiri ukarimu kwa chakula cha mwenziwe.

Sasa tutazame hadithi. Kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Adili na Nduguze, kilichotolewa mwaka 1952, kimesomwa shuleni na vizazi kadha, na haki yake ni kusomwa. Habari yake ni hii kwa ufupi. Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, na majina yao yatosha kueleza tabia zao. Katika safari zake Adili humwokoa nyoka aliyekuwa hatarini. Kumbe nyoka yule ni jini wa kike, Huria. Baadaye ndugu zake wanamtosa Adili baharini kwa wivu. Huria anamwokoa, na kwa adhabu anawageuza wale ndugu wawili kuwa manyani. Adili anaamriwa awapige kila usiku, naye hutii amri hiyo kwa uchungu, hata habari zikamfikia Mfalme Rai.

Lugha ya kitabu hiki ni tamu, na mpangilio wa kisa umefungwa vizuri kama jahazi lisilovuja. Lakini tuulize: tendo la Adili kwa nyoka latufundisha nini? Kwamba umsaidie kiumbe dhaifu, kwa kuwa huenda kiumbe huyo akawa jini mwenye nguvu. Msomaji aliyekunjua ukurasa akiamini kuwa anasoma habari za huruma, kumbe asoma habari za biashara yenye faida kubwa: jiwe moja au fimbo moja hulipwa kwa uhai. Nyoka angalikuwa nyoka tu, akaenda zake kichakani bila neno, je, hadithi ingesimama? Isingesimama. Na hali nyoka wa kweli, kama watu wa kweli wapitao njia panda, huenda zao kichakani.

Simlaumu mtungaji kwa hilo. Malipo ya ajabu ni desturi ya ngano tangu kale, katika bara la Arabu, Uajemi, Bara Hindi na Afrika pia. Sisi sote tumelelewa nayo. Tena mtungaji huyu alikuwa na hekima ya kutia ndani ya kisa kilekile wema wa aina ya pili, usio na malipo hata kidogo. Ni huruma ya Adili kwa manyani wale. Hao walimtosa baharini. Hawana cha kumlipa. Hawawezi hata kusema asante. Naye bado moyo wake wauma kwa ajili yao. Kama ningeulizwa ni ukurasa gani wa kitabu umpasao mwanafunzi kuurudia, ningeuacha ukurasa wa nyoka na kumwonyesha ule wa manyani.

Nasema hivi kwa kuwa ngano ya nyoka imezaa wajukuu wengi katika madaftari ya wanafunzi. Kila mwalimu wa lugha anawajua. Kijana maskini humbebea kikongwe mzigo. Mwishoni yule kikongwe ni mama wa waziri. Kijana hupata karo, kisha hupata kazi, kisha gari. Sijui kwa nini vikongwe wa insha zetu hawazai ila mawaziri. Mwandishi wa insha kama hiyo hudhani ameusifu wema, na kumbe ameutukana, maana amekubali moyoni kwamba mzigo wa kikongwe asiye na mwana waziri haukuwa na thamani ya kubebwa, au angalau haukuwa na thamani ya kuandikwa.

Kutoka ngano twende kwenye historia, tena historia ya nchi ileile ya Machakos, kwa kuwa huko liko jambo ambalo latupa shida zaidi ya nyoka wa Adili. Wakamba wana ushirika wa kazi uitwao mwethya. Zamani mtu aliyekuwa na kazi iliyozidi nguvu za nyumba yake, kama kujenga, kulima au kupalilia, aliwaita jirani zake. Wakaja na majembe yao. Yeye akawapa chakula na kinywaji. Na jirani alipoita siku yake, yeye naye akaenda. Je, huo ni wema au ni deni? Mtu mwenye ulimi mkali atasema ni deni tupu, kwani asiyekwenda kwa wenzake hujikuta peke yake siku ya haja. Nami nitamjibu kwamba hakuna aliyepima. Mjane alikuja na nguvu za mjane, na kijana mwenye misuli akaja na misuli yake, na kila mmoja alihesabiwa kuwa amekuja. Deni lisilopimwa kwa kibaba limekwisha toka katika soko na kuingia katika ujirani.

Mambo yaliyoupata ushirika huo katika karne ya 20 yafaa kufikiriwa na kila mtu apendaye kuandika juu ya wema. Katika miaka ya 1930 ardhi ya Machakos ilikuwa imechakaa. Mvua iliufagia udongo, makorongo yakachimbika vilimani, na maofisa wa serikali ya kikoloni waliiandika kama nchi ielekeayo jangwa. Serikali ikaamuru ng'ombe wapunguzwe. Mwaka 1938 Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kwa maelfu kupinga amri hiyo, na kiongozi wao akahamishiwa Lamu. Baadaye ikaja kazi ya lazima ya kukinga udongo. Watu walichimba kwa kuamriwa, na wakaichukia kazi ile, ingawa shamba lililokingwa lilikuwa lao. Katika miaka ya 1950 njia ikabadilika: vikundi vya mwethya viliachiwa kuchagua viongozi wao wenyewe na kufanya kazi kwa utaratibu wao, na wanawake walikuwa nguzo yake. Kazi ikapata mwendo. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 ikalegea kwa muda, maana bado ilinuka amri za zamani, kisha watu wakairudia kwa hiari yao wenyewe.

Yatazame mambo haya kwa makini. Jembe ni lilelile. Kilima ni kilekile. Mfereji hufuata usawa wa kilima, na udongo wake hutupwa upande wa juu mpaka ukawa ukuta wa kuzuia maji. Mtindo huo huitwa fanya juu, na kwa jina hilo la Kiswahili hujulikana na wataalamu wa udongo hata katika nchi za mbali. Jasho ni lilelile pia. Lakini mkono ulipolazimishwa, tendo lilikuwa adhabu. Ulipoachiwa kuchagua, tendo lilelile likawa msaada wa jirani kwa jirani. Kumbe wema hauonekani kwa kulitazama tendo peke yake. Mpiga picha aliyesimama ng'ambo ya bonde asingeweza kutofautisha siku ya lazima na siku ya hiari. Hapa ndipo mwandishi anapohitajiwa, na hapa ndipo waandishi wengi humkimbia msomaji, wakaandika idadi ya mifereji.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya habari hizo, kiitwacho More People, Less Erosion. Kilionyesha kwamba tangu mwanzo wa miaka ya 1930 hadi 1990 watu wa wilaya ile waliongezeka zaidi ya mara tano, na hata hivyo mmomonyoko wa udongo ulipungua, miti ikazidi, na mashamba yakatoa mavuno zaidi. Ni kitabu cha wachumi na wanajiografia, nacho ni cha haki, kwa sababu hakiupi ujirani sifa zote. Chataja pia soko la Nairobi lililo karibu, barabara, mazao ya biashara, na fedha zilizotumwa nyumbani na waliofanya kazi mijini. Naona uzuri katika kiasi hicho. Mtu apendaye kusifu wema hujaribiwa kuuvika taji la kila ushindi, na ushindi wa namna ile ulikuwa na wazazi wengi. Lakini takwimu zina upofu wake. Zaweza kutuambia urefu wa matuta, haziwezi kutuambia ni nani aliyekuja siku ile akiwa na homa, wala ni nani aliyepewa chakula bila kuulizwa kwa nini hakuja juma lililopita. Habari hizo zangoja mtunzi wa hadithi, na sioni kwa nini asitoke katika darasa moja la shule za Ukambani.

Mwethya, hata hivyo, una mpaka. Wajumbe wake wajulikana; wana zamu, na kila mmoja ana shamba. Mtu ashukaye garini Kyumbi saa mbili za usiku hana zamu wala shamba. Juu ya mtu huyo hadithi maarufu kuliko zote ni ile ya Msamaria, iliyomo katika Injili ya Luka. Msafiri ashukaye kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko anapigwa na wanyang'anyi na kuachwa karibu na kufa. Kuhani apita, Mlawi apita, na mwishoni Msamaria, mtu wa kabila lisilopatana na Wayahudi, anamhudumia na kumlipia gharama katika nyumba ya wageni. Kwa upande wa usimulizi hiyo ni kazi bora. Majeruhi hana jina. Hatuambiwi kama alipona, wala kama alikuja kutoa asante, wala kama alikuwa mwana wa mtu mkubwa. Mafuta, divai, mnyama wa kupanda, dinari mbili: hivyo ndivyo vitu vya hadithi, na vyote ni vya safari. Watunzi wa insha za vikongwe na mawaziri wangefaidika kuichunguza, awe msomaji ni wa dini hii au ile.

Lina neno moja tu ambalo kisa hicho hakikulisema: kwa nini wale wawili walipita? Wahubiri wamewaita wanafiki kwa karne nyingi. Mwaka 1973 wataalamu wawili wa saikolojia wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walitangaza matokeo ya jaribio walilolifanya huko Princeton kwa wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia. Kila mwanafunzi aliambiwa aende jengo la pili akatoe hotuba. Baadhi yao hotuba yenyewe ilikuwa juu ya Msamaria. Njiani waliwekewa mtu aliyeinama mlangoni, akikohoa na kuugua. Wengine walikuwa wameambiwa kuwa wana wakati wa kutosha, wengine kuwa wakati umefika, wengine kuwa wamechelewa. Katika wale wasio na haraka, waliomsaidia ni 63 katika kila 100. Waliokuwa na haraka kiasi, 45. Waliochelewa, 10 tu. Na kwenda kuhubiri habari za Msamaria hakukuonekana kuleta tofauti kubwa. Watu 40 ni wachache, nami sitaki kuijenga nyumba nzima juu ya tofali moja. Hata hivyo jaribio hilo lakifasiri kisa cha kale kwa namna ambayo wahubiri hawakuifikiri. Yumkini kuhani hakuwa na moyo wa jiwe. Yumkini alikuwa amechelewa.

Ukisimama penye njia panda utaona jambo hilo bila ya mtaalamu. Dereva akisha washa gari na utingo akigonga bodi, watu walewale waliokuwa wakicheka na kugawana karanga hugeuka kuwa viwiko na mabega. Gari likiharibika njiani, saa ya kwanza ni ya manung'uniko, na saa ya pili hutokea mtu mwenye chupa ya maji akaipitisha. Sidhani kuwa mioyo yao imebadilika katika saa moja. Wakati ndio uliobadilika, nao wema, kama mboga, hutaka mahali pa kuotea.

Basi tufike kwenye kazi ya sanaa ambayo yanigusa kuliko hizo zote, filamu fupi iitwayo Watu Wote, ya mwaka 2017. Iliongozwa na Katja Benrath, Mjerumani, kuwa kazi yake ya kumaliza masomo katika chuo cha filamu cha Hamburg; ilipigwa Kenya, na wachezaji wake husema Kiswahili na Kisomali. Ina dakika 22 tu. Mwaka 2018 ilikuwa miongoni mwa filamu tano zilizoteuliwa kushindania tuzo ya Oscar kwa filamu fupi.

Msingi wake ni tukio la kweli. Tarehe 22 Novemba 2014 wanamgambo wa al-Shabaab walilisimamisha basi lililokuwa likitoka Mandera kwenda Nairobi, wakawatenga abiria wasiokuwa Waislamu, wakawaua watu 28. Mwaka mmoja na mwezi baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine lililokuwa likienda Mandera lilishambuliwa karibu na El Wak. Abiria wakaamriwa wajitenge kwa dini zao. Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo vitambaa vya kichwa ili wasitambulike, na abiria wakawaambia washambuliaji wawaue wote pamoja au wawaache wote. Watu wawili walikufa siku ile. Mwalimu Salah Farah, naibu mkuu wa shule ya msingi, alikuwa miongoni mwa waliokataa. Akapigwa risasi, na tarehe 18 Januari 2016 akafa hospitalini Nairobi. Mwaka huohuo alitunukiwa nishani ya taifa, hali yeye yuko kaburini.

Filamu yamfuata mwanamke Mkristo aitwaye Jua. Amempoteza mume na mtoto kwa mikono ya wauaji waliojiita Waislamu, naye sasa apanda basi lililojaa Waislamu. Hawaamini abiria wenzake, na mtazamaji aona jinsi anavyokaa kitini kana kwamba kiti chenyewe kina miiba. Huo ni uteuzi wa ujasiri. Msanii dhaifu angetuletea mwathiriwa mpole, mcheshi, apendwaye na wote, ili tusione taabu kumhurumia. Jua hapendezi upesi. Wale watakaomficha hawakupata kutoka kwake hata tabasamu. Hapo filamu yamshinda nyoka wa Adili, kwa kuwa wema watolewa mahali pasipo na tumaini la malipo, tena kwa mtu aliyekwisha kuonyesha kwamba hautaki ujirani wao.

Sifa ya pili ni basi lenyewe. Vumbi, joto, mizigo, watoto, maneno ya mzaha na maneno makali kati ya watu waliobanwa pamoja kwa muda mrefu: kila asafiriye barabara zetu atalijua basi hilo. Safari ya Nairobi hadi Mandera ni ya kilomita zipatazo elfu moja. Katika safari kama hiyo jirani wa kiti ataulalia bega lako, na wewe utamshikia mtoto. Naamini, wala siwezi kuthibitisha, kwamba kitambaa kilichotolewa mbele ya bunduki kilikuwa kimetanguliwa na chupa ya maji iliyotolewa mbele ya vumbi. Ushujaa wa namna ile hauangushwi na mbingu siku moja. Mkono uliokwisha zoea kunyoshwa hunyoshwa tena kabla mwenyewe hajafikiri.

Lakini ninayo malalamiko mawili. La kwanza ni msiba wa Jua. Kwa kumpa mume na mtoto waliouawa, filamu imemweka katika fumbo lililo rahisi mno: alichukia kwa sababu hii, akaponywa kwa sababu ile. Watu wengi huwaogopa jirani zao pasipo msiba wowote, kwa uvumi tu, kwa jina, kwa namna ya kufunga kilemba. Hofu ya namna hiyo, isiyo na sababu ya kueleza, ndiyo iliyoenea zaidi, na Jua asiye na msiba angetuaibisha zaidi sisi watazamaji.

La pili ni kubwa kuliko la kwanza. Jina la filamu ni Watu Wote, lakini kamera yashikamana na watu wawili, mwanamke aogopaye na mwalimu anenaye. Naelewa kwamba dakika 22 haziwezi kumpa kila abiria uso. Hata hivyo tukio la El Wak lilikuwa na nguvu kwa sababu hiyo hasa, kwamba hakuna mtu mmoja aliyelimiliki. Mwalimu Farah angesema peke yake, angeuawa, na wale Wakristo wangeuawa baada yake. Kilichowazuia wauaji ni basi zima kukataa kupungua. Abiria wa mwaka 2015 walikuwa na jambo ambalo wale wa 2014 hawakuwa nalo, wala tusiwalaumu kwa kutokuwa nalo: walijua mstari ule huishia wapi. Walipoambiwa simameni huku na huku, kila mmoja alijua maana yake, hata wale ambao kwao mstari ulikuwa usalama. Kusimulia uamuzi wa watu zaidi ya sitini, uliofanyika katika muda mfupi, bila ya mkutano na bila ya mwenyekiti, ni kazi ngumu. Filamu iliikaribia kazi hiyo, kisha ikaenda kwenye nyuso mbili ilizozizoea.

Magazeti nayo yalifanya hivyohivyo kwa njia yake. Yaliandika habari ile kama ajabu ya dini mbili, kana kwamba mle ndani walikaa Uislamu na Ukristo, kila mmoja na tikiti yake. Waliokaa mle ni mwalimu, wenye maduka, akina mama, wanafunzi, vibarua, watu waliokwisha uliziana bei za vitu Mandera. Katika habari nyingi zilizoandikwa mwalimu ana jina, na ni haki yake. Wale wanawake hutajwa kwa wingi tu, "wanawake". Atakayeandika upya kisa hicho, akitaka ushauri wangu, aanze na mkono mmoja ukifungua pini chini ya kidevu, na mkono wa pili, wa mtu asiyezoea, ukijaribu kuifunga pini ileile gizani mwa viti, upesi, huku mwenye kitambaa akimnong'oneza jinsi ya kukizungusha.